Masizi ya Aliyerudishwa

Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, Hadijah alikuwa akianua nguo uani mwa nyumba ya ofisi kule Al Wukair, katika nchi ya Waarabu. Shuka zilikuwa zimekauka hadi zikakakamaa kama chapati za jana, maana jua la huko halikaushi nguo, linazioka. Alikuwa amefika kwenye foronya roketi iliposhuka.

Ilishuka ikiwa imesimama wima, moto ukitoka chini yake. Hadijah alitazama juu, akapima kwa macho, akaona itakanyaga pale penye kamba ya mwisho. Akaharakisha kutoa vibanio. Akarudi kuchukua beseni. Roketi ikamngoja hewani, juu kidogo ya ukuta, hadi alipofika mlango wa jikoni. Kisha ikafungua miguu yake minne, ikatua kati ya tangi la maji na mashine za nje za AC, ikazima moto.

Ilikuwa ndefu kupita nyumba ile na kupita ya jirani, nyeusi kwa masizi kuanzia chini hadi karibu na kilele. Ilikuwa ikilia taratibu kama sufuria iliyoepuliwa mekoni: tik, tik, tik. Jirani alifunga dirisha lake kwa sababu ya moshi, kisha akalifungua moshi ulipoisha.

Hadijah aliweka nguo mezani.

"Jeptoo," aliita. "Bandika chai. Kuna mwingine amerudishwa."

Nyumba hiyo ilikuwa ya ofisi inayoleta wasichana wa kazi za ndani, wengi wao kutoka Kenya na Uganda. Familia ikimchukua mfanyakazi inapewa miezi ya kumjaribu. Isiporidhika inamrudisha ofisi na kupewa mwingine, kama mtu anavyorudisha blenda dukani. Aliyerudishwa hukaa Al Wukair hadi ipatikane nyumba nyingine. Sababu za kurudishwa hazina hesabu. Huyu hajui kupika wali wa machbus, yule analia akipiga pasi, mwingine mwenye nyumba amemtazama sana na mke wa mwenye nyumba ameona.

Wanawake wa humo walikuwa na desturi yao. Aliyerudishwa haulizwi neno siku ya kwanza. Anapewa chai ya maziwa yenye tangawizi. Anaoshwa miguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, kisha anaoshwa mwili mzima, mwenzake akimsugua mgongo, kisha anapakwa mafuta. Nguo aliyokuja nayo inalowekwa peke yake. Hakuna aliyejua desturi hiyo ilianzishwa na nani. Hadijah, mtu wa Mbale, aliikuta na yeye ndiye aliyekuwa akiitunza, kwa kuwa ofisi ilimwacha pale apike na kuangalia nyumba. Walimwita Hajati, ingawa Makka hajafika, kwa ajili ya umri wake na jinsi alivyofunga kitambaa.

Wiki hiyo walikuwa watatu tu: Hadijah mwenyewe, Jeptoo wa Kapsabet, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, na Mumbua wa Kibwezi, aliyekuwa amerudishwa mara ya tatu.

"Hajati, sasa huyu anakunywa chai kweli?" Jeptoo aliuliza, akiwa ameshika kikombe.

"Kama anakunywa sijui. Kama amekuja, hilo najua. Mpe."

Jeptoo aliweka kikombe penye mguu wa roketi. Baadaye walikikuta kitupu, na Jeptoo akaapa kwamba si yeye.

"Huyu alivunja sahani ya madam," alisema, akizunguka na ndoo. "Ama ni huu urefu. Aki, madam hapendi msichana mrefu. Atafikia utando wa buibui bila ngazi, halafu mzee ampende."

"Acha umbeya, osha," Hadijah alisema.

Waliosha. Walifunga matambara kwenye miti ya mifagio, wakatumia sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, na Hadijah akatia chumvi. Sehemu ya juu hawakuifikia hata walipopanda ngazi ya tangi, basi roketi ikainama, kama mtoto anavyoinama kuoshwa kichwa. Maji meusi yalipita kwenye mfereji na kutokea chini ya geti.

Mumbua alisugua upande wa ukutani. Alifanya kazi polepole, kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka kiunoni. Chini ya tambara alihisi kwamba masizi hayakuwa tabaka moja. Lilitoka la kwanza, laini. Chini yake kulikuwa na jingine, gumu zaidi, na chini ya hilo jingine tena.

"Ametumwa mara tatu," alisema.

"Kama wewe," alisema Jeptoo. Kisha akaacha kusugua. "Mumbua, sikumaanisha vibaya."

"Si umesema kweli tu."

Walimaliza jua likizama. Roketi ilikuwa nyeupe, inang'aa, mtu angedhani imetoka dukani. Hadijah aliipaka mafuta ya nazi kwenye miguu, mahali palipokuwa pamekauka.

Mumbua alitaka kitu kimoja, kwenda nyumbani. Katika nyumba ya kwanza alibeba watoto. Katika ya pili alibeba mazulia, kuyapandisha na kuyashusha. Katika ya tatu alimbeba bibi kizee, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi bafuni, mpaka siku moja kitu fulani mgongoni kilisogea na hakikurudi mahali pake. Bibi huyo alikuwa mwema, alimwombea dua kila akimwinua. Kibwezi alikuwa na binti, Ndinda, aliyekuwa akimwita nyanyake mama. Mumbua mwenyewe, binti alimwita auntie wa kwa simu.

Alikwisha kumwomba Madam Pamela, Mkenya mwenzao aliyesimamia wasichana ofisini. Pamela alimjibu vile alivyowajibu wote.

"Mwenye afya anamaliza mkataba. Mgonjwa anakatiwa tiketi. Wewe daktari amesema uko fiti."

Daktari alikuwa ameangalia damu na kifua. Mgongo hakuuliza. Na Mumbua kila akirudi alioshwa, akapakwa mafuta, akalala siku kidogo, akavalishwa gauni lililopigwa pasi na kupigwa picha. Kwenye picha alionekana mpya.

Ijumaa na Jumamosi hakuna aliyekuja, kwa kuwa ni mapumziko. Jumapili ofisi zilipofunguliwa wenye roketi walifika na kreni, trela, na gari la watu wenye kofia ngumu nyeupe. Mmoja wao alikuwa Mkenya wa Kakamega, jina lake Joram. Pamela alikuja pia, na Herbert dereva wa ofisi, kuona uani kumeharibika kiasi gani.

Joram aliingia getini, akaitazama roketi, akavua kofia.

"Nani ameiosha?"

"Ni sisi," alisema Hadijah. "Alikuja mchafu."

"Mama, hii haioshwi."

"Kila mtu anaoshwa."

Joram aligeuza ndoo akaikalia. Alikuwa mtu mpole, na alieleza kama anayeeleza msibani. Alisema hii inaitwa busta. Kazi yake ni kuibeba setilaiti na kuipandisha hadi hewa inapokwisha, kuiachilia huko iende zake, kisha kugeuka peke yake na kurudi, itue kwenye meli iliyotandazwa baharini kama meza, ili itumwe tena. Zamani walikuwa wakiziacha zianguke. Sasa wanazirudisha, maana kutengeneza nyingine ni taabu. Na kila inaporudi wanasoma masizi yake. Palipoungua zaidi, palipovuja, palipogongwa, yote yameandikwa pale.

"Masizi ndiyo maneno yake," alisema. "Mmeyafuta maneno yake, mama."

 Hadijah alitazama mfereji.

"Na mbona haikutua kwa hiyo meza yenu?" aliuliza Jeptoo.

"Hatujui. Iliizunguka meli, ikaiacha."

"Labda ilijua nyumba ya waliorudishwa ni hii."

"Labda," alisema Joram, akasimama, akarudi kazini.

Waliikagua busta siku nzima. Waliigonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, wakisikiliza inavyojibu. Walimulika tochi ndani ya mdomo wake wa chini. Walibandika mwilini mwake kidude chenye waya, kama kile cha daktari, na kusikiliza wakiwa wamefumba macho. Hakuna aliyeifokea. Jua lilipokuwa kali walitandaza turubai juu yake. Mzee wao, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe, aliwaambia jambo kwa lugha yake, nao wakashusha sauti, hata walipokuwa wakizungumza habari za chakula.

Mumbua aliwapelekea maji. Kila alipopeleka alikaa kidogo, ameshika sinia, akitazama.

"Na mkikosa kujua?" alimuuliza Joram. "Kwa vile sasa imeoshwa. Mkishindwa kujua kama imeumia ama haijaumia?"

"Tusipojua, hairuki."

"Hata kama inaonekana mzima?"

"Hata ikionekana nzima. Chuma kinachoka kwa ndani kabla hakijachoka kwa nje. Ukiwa na wasiwasi nacho, unakipumzisha. Hiyo kwetu ni sheria ya kwanza, dada. Hakuna bosi anayeivunja."

Mumbua aliweka sinia chini.

"Hicho kidude cha kusikiliza, kinasikia mtu?"

"Sijawahi kujaribu."

Alimgeuzia mgongo. Joram alimtazama Hadijah, na Hadijah akaitikia kwa kichwa, akasimama karibu. Joram aliweka kidude juu ya gauni, chini ya shingo, akashuka nacho pole pole. Alipofika katikati ya kiuno alisimama.

"Inua hiyo sinia. Haya, iweke. Inua tena."

Alivua vile vya masikioni akampa mwenzake. Mwenzake alisikiliza akampa yule mzee. Mzee alisikiliza muda mrefu, amefumba macho, kisha akasema maneno machache.

"Anasema kuna ufa," Joram alisema. "Na mimi nimeusikia. Ni mwembamba. Ukibeba unafunguka, ukilala unafunga. Nje hauonekani."

"Nilijua," alisema Mumbua. "Nilitaka tu mtu mwingine ajue."

Joram alimwendea Pamela, aliyekuwa getini akizungumza na simu, akangoja amalize.

"Madam, yule dada asipelekwe mahali pa kuinua vitu. Ana ufa."

"Yule? Daktari amempitisha."

"Daktari alimsikiliza mgongo?"

"Wewe kaka," Pamela alisema, "wewe ni wa roketi. Mimi nimekuja kwa roketi yako nikakwambia iende ama isiende?"

"Hapana."

"Basi."

"Nasema tu, madam. Angekuwa wetu asingeruka."

"Si wenu," alisema Pamela. Hakusema kwa hasira. Kuna familia ilikuwa ikingoja mtu siku ile ile, na simu ilikuwa imeanza kulia tena.

Saa tisa mzee mwenye ndevu alikata shauri. Alisema hawezi kuapa kwamba busta haijaumia, na asiyeweza kuapa asitume. Ipumzike. Waliizungushia blanketi nene, wakaifunga mikanda mipana isiyokwaruza, wakainua kwa kreni na kuilaza kwenye trela, na Joram akaishika ubavuni mpaka ilipotulia. Walisema itapelekwa Lusail, kusimamishwa kwenye bustani mpya. Hadijah aliigusa mguu.

"Bambi," alisema, kama Waganda wanavyosema kwa kitu wanachokionea huruma. "Safari njema. Wewe umemaliza."

Trela ilipopinda kona, Herbert alirudisha gari la ofisi nyuma hadi mlangoni. Mumbua alikuwa amekwisha kuoga, amepakwa mafuta, gauni limepigwa pasi. Hakuna aliyekuwa amemwambia afanye hivyo. Ndivyo walivyozoea. Aliingia kiti cha nyuma, akakaa ameegemea upande mmoja, akapunga mkono.

Baadaye Hadijah aliinama kwenye mfereji. Maji meusi yalikuwa yamekauka na kuacha ganda jembamba. Alilikwangua kwa ukucha, akalitazama.

"Wote niliowaosha," alisema. "Wakatoka hapa wananukia."



Nyumba ya nne ya Mumbua ilikuwa Lusail, juu sana, katika jengo lenye lifti ya wenyewe na lifti ya wafanyakazi. Palikuwa na mapacha wazito, na mama mwenye nyumba aliyependa sofa zisogezwe kila Jumatatu ili chini yake pafagiliwe. Alisema asante kila mara. Kiti cha mfanyakazi hakikuwapo, si kwa ubaya, hakuna aliyekikumbuka.

Kutoka dirisha la jikoni aliiona busta. Ilikuwa imesimama katikati ya nyasi zilizomwagiliwa, imezungushiwa kamba laini na taa za chini kwa chini, na mabenchi kwa wanaotaka kuitazama. Mlinzi wa pale alikuwa Kiprop, kijana wa Iten, na kazi yake yote ilikuwa kupuliza filimbi mtu akitaka kuiegemea. Upepo ukivuma busta iligeuka kidogo, ikaelekea jengo la Mumbua. Asubuhi watu wa bustani waliigeuza ikae kama ilivyokuwa. Kiprop alimpasha habari msimamizi wake, na msimamizi akasema haina neno, mradi isitoke ndani ya kamba.

Mumbua alijifungia bafuni, akafungua bomba, akampigia Hadijah simu.

"Hajati, nimeanza kulia ule mlio. Nikiamka asubuhi. Tik, tik."

"Umemwambia madam wako?"

"Nilimwambia. Akanipa Panadol. Akanipa mbili."

"Na Pamela?"

"Pamela anasema mlio si ugonjwa."

 Hadijah akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia msichana yeyote. "Ukirudi, sitakuosha."

Alirudi Jumanne moja. Herbert hakumleta. Jeptoo alikuwa uani akichambua mchicha, akaona kivuli kwenye ungo, akatazama juu. Mumbua alikuwa akishuka, amesimama wima, mikono ameibana ubavuni, na chini ya nyayo zake moto mdogo wa buluu kama wa jiko la gesi. Jeptoo aliuondoa ungo. Mumbua alikunja magoti kidogo, akatua palepale ilipotua busta, na moto ukazimika. Gauni lilikuwa limeungua pindo. Masizi yalimfika kifuani.

Kisha akaanza kuinama upande, na Hadijah akawahi mkono mmoja, Jeptoo mwingine.

"Msiniachilie kwanza," alisema Mumbua.

Tangu hapo hakuweza kusimama mwenyewe. Akilala, aliinuliwa na wawili. Akisimama, alishikwa na wawili. Walimpa chai wakiwa wamemshikia kikombe. Hawakumuuliza kitu. Jeptoo alileta maji ya vuguvugu kwa mazoea, na Hadijah akayamwaga kwenye mchicha.

"Maneno yake yakae," alisema. "Pamela akija aone."

Pamela alikuja Alhamisi, amevaa vizuri, saa ya dhahabu mkononi. Alimkuta Mumbua amesimama sebuleni kati ya wenzake, mweusi hadi kifuani, na alipotembeza kidole kwenye mkono wake aliona tabaka la juu, na la chini yake, na jingine, na jingine.

"Mbona hamjamwosha?"

"Ili asomwe," alisema Hadijah.

"Asomwe na nani?"

 Hadijah alimfikiria Joram na yule mzee, na jinsi walivyoshusha sauti zao, akajua hakuna wa namna hiyo anayekuja kwa ajili ya mtu. 

"Kuna mama anakuja saa kumi kumwona," alisema Pamela. Alingoja. Hakuna aliyesogea. Basi alivua saa, akaiweka juu ya friji, akakunja mikono ya blauzi, akaenda jikoni kuchemsha maji mwenyewe. Alitia chumvi. Alijua ni kiasi gani.

Alimwosha Mumbua bafuni, wale wawili wakimshika. Alimwosha vizuri, kuliko hata Hadijah. Alimsugua katikati ya vidole vya miguu, akamsugua nyuma ya masikio kama mama anavyomsugua mtoto wa shule Jumatatu, na maji meusi yakaenda.

"Mimi pia nilioshwa hapa hapa," alisema akisugua. "Na Hajati huyu huyu. Mwulizeni."

"Ni kweli," alisema Hadijah.

"Na mnaniona niko sawa."

Pamela alipotaka kuinuka pale penye beseni alishika ukuta kwa mkono mmoja, akakaa hivyo kidogo. Bafu lilikuwa dogo na lilikuwa kimya, na wote wanne walisikia mgongo wake: tik, tik, tik. Pamela alijifuta mikono kwa taulo, akaenda kuchukua saa yake juu ya friji.

Pamela alipotoka nje kupokea simu, Mumbua alisema bila kugeuza kichwa, "Sikilizeni. Huyo mama akifika, niachilieni."

"Utaanguka," alisema Jeptoo.

"Ndiyo. Nianguke mbele yake. Akiniona chini hatanichukua, na akisema kwa wenzake hakuna atakayenichukua. Ofisi itakosa pa kunipeleka. Watanikatia tiketi."

"Na ukivunjika?"

"Jeptoo, nimeshavunjika. Hapa tunangoja tu kuonekana."

Jeptoo alimtazama Hadijah. Hadijah alikuwa amemshika Mumbua siku mbili, na mikono yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. "Tutakuachilia," alisema.

Mgeni alifika saa kumi. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mtoto amelala begani kwake, uso wake umechoka kama wa mtu asiyepata usingizi. Alikataa kahawa, akaomba maji. Alikaa kwenye kochi na kumtazama Mumbua, aliyesimama juu ya zulia amevaa gauni safi, Hadijah kulia, Jeptoo kushoto, wamemshika mikono kama marafiki wanaopigwa picha.

"Jina lako?"

"Mumbua."

"Unajua kupika?"

"Najua."

"Mama yangu hawezi kutembea," alisema mgeni. "Anahitaji mtu wa kumwinua. Simama peke yako nikuone."

Mumbua alifumba macho. Hadijah alimwachilia kwanza, halafu Jeptoo. Kila mmoja akarudi nyuma hatua moja.

Mumbua aliinama upande wa kushoto. Akaendelea kuinama, taratibu, mikono ameibana ubavuni, hata akapita pale ambapo mtu akishapita harudi. Jeptoo aliuma kidole. Usoni mwa Mumbua palikuwa na utulivu, kama wa mtu anayesikia gari lake likiitwa stendi.

Ndipo chini ya unyayo wake wa kushoto ulipotoka moto. Ulikuwa mdogo, wa buluu, haukuzidi njiti ya kiberiti. Ulisukuma. Mwili ukasimama katika kuanguka kwake, ukarudi, ukapita katikati, ukayumba upande wa pili, na moto wa kulia ukausukuma pia. Magoti yakakunjuka. Miguu ikajipanua kidogo, ikashika zulia. Kisha moto wote ukazimika.

Mumbua alifumbua macho. Aliitazama miguu yake kama anayetazama watu wa ukoo waliotoa ushahidi dhidi yake.

"Zain," alisema mgeni, yaani vizuri, akamweka mtoto bega la pili. "Ana miguu imara."

Pamela alisema ndiyo, ni imara sana, ni mtu wa kazi. Harufu ya zulia lililoungua ilijaa sebuleni, na Hadijah akaenda kufungua dirisha. Herbert alibeba begi.

Mlangoni Mumbua alijaribu tena. Alijilegeza mwili mzima, akajitupa upande penye viatu vya watu. Alijaribu kwenye ngazi ya nje, na mara nyingine karibu na tangi la maji, uso mbele. Herbert alimngoja akiwa ameshika mlango wa gari. Kila mara alitua amesimama.